Mahari imepokelewa, majibu ya damu yametoka

*Shikamoo Shangazi. Naishi Msata, mahari yangu imeshapokelewa. Tulipopima, mimi na mchumba wangu wote tumeonekana tuna vinasaba vya sikoseli. Dada yangu muuguzi anasema tuachane. Mjomba aliyenilea anasema kupima vile ni kumchungulia Mungu kazi yake. Nimsikilize nani?*
*Binti wa Msata*

Marahaba, mwanangu. Naona kila mtu anaisemea hiyo karatasi ya hospitali. Yenyewe inasema nyote ni AS, yaani wazima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS, anayeugua. Kila mimba, nasisitiza. Ya pili haiangalii ya kwanza ilikuwaje. Muachane haijaandikwa. Hilo ni la dada yako, na simlaumu: wodini anawaona watoto wa mwaka mmoja waliovimba vidole vya mikono na miguu, wanalia hawabebeki.

Mjomba naye, kwa heshima zote, mkumbushe kuwa Saudia, huko anakoelekea akisali, wachumba wanalazimika kupima sikoseli tangu 2004. Majibu yakiwa mabaya hawazuiwi kuoana. Wanaambiwa, wanaamua wenyewe.

Na anayenong'ona habari za mkosi wa ukoo mnyamazishe. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa AS humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana vinasaba hivi vimejaa kwetu pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko milimani.

Sasa kaa na mchumba wako, muulizane. Mtoto wa SS akishikwa na homa usiku, nani atatafuta gari la kwenda Bagamoyo, kilomita 64? Dawa ya hidroksiurea inapunguza maumivu, lakini humezwa kila siku, nani atasimamia? Upandikizaji wa uloto upo Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, ila si kila mtoto atapata ndugu wa kulingana naye. Mtaridhika na mtoto mmoja? Na mama mkwe akidai umemletea mwanawe ugonjwa, huyo mwanawe atasema mbele yake kwamba hata yeye ni AS?

Akisitasita hapo, hata mngekuwa AA wote, msio na kinasaba hicho, ningekwambia usubiri. Asiposita, fungeni ndoa, na mtoto apimwe angali mchanga, msingoje vidole vivimbe.