Waainu: Asili na Utamaduni wa Wenyeji wa Kaskazini mwa Japani

Neno «Ainu» maana yake ni mtu. Sisi wa jamii za Kibantu hatuna sababu ya kushangaa, kwa kuwa jina letu nalo limejengwa juu ya maana hiyohiyo. Nchi yao Waainu waliiita Ainu Mosir, yaani nchi ya watu: kisiwa kinachoitwa leo Hokkaido, pamoja na Sakhalin na visiwa vya Kuril.

Walitoka wapi? Zamani wako wataalamu waliodhani kwamba ni Wazungu waliopotelea Mashariki, eti kwa sababu wanaume wao walikuwa na ndevu nyingi. Dhana hiyo imeachwa. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba Waainu ni wa uzao wa watu wa kale wa Jomon, wawindaji na wavuvi walioishi katika visiwa vya Japani maelfu ya miaka kabla ya kilimo cha mpunga kufika. Baadaye walichanganyika na watu wa Okhotsk, wavuvi wa baharini waliotoka upande wa kaskazini. Utamaduni tunaouita wa Kiainu ulikamilika tangu karne ya 13 hivi. Lugha yao haina udugu uliothibitishwa na lugha yoyote nyingine, hata Kijapani.

Kwa Kanisa, watu hawa si wageni. Mjesuiti Girolamo de Angelis, mzaliwa wa Sicilia, alivuka bahari kwenda kwao mwaka 1618 na tena mwaka 1621, wakati Wakristo wa Japani walipokuwa wakiteswa. Mwenzake Diego Carvalho alifika mwaka 1620, akiwa amejificha miongoni mwa wachimba dhahabu, akaadhimisha Misa Takatifu katika ardhi hiyo. Taarifa za de Angelis, zikiwa na ramani na orodha fupi ya maneno ya Kiainu, ni kati ya maandishi ya kwanza ya Wazungu juu ya watu hao. De Angelis alichomwa moto akiwa hai huko Edo mwaka 1623. Carvalho alikufa kwa baridi ndani ya maji huko Sendai mwaka 1624. Wote wawili ni wenyeheri.

Tuingie sasa nyumbani kwa Mwainu wa zamani. Katikati kuna moto, na ndani ya moto anaishi Bibi, Ape Huci Kamuy. Kamuy ni roho au nguvu ijiayo kwa binadamu ikiwa imevaa umbo: mnyama, mmea, maji, hata chombo cha nyumbani. Mzee akitaka kusali, huanza kwa Bibi wa moto, maana yeye ndiye anayefikisha maneno kwa kamuy wengine. Huwatolea pia inau, vijiti vilivyochongwa hadi vinyoleo vyake vikaning'inia kama nywele. Mwanafunzi wa teolojia asiharakishe kutafsiri kamuy kuwa «Mungu». Neno letu la Muumba halikai vizuri hapo.

Ibada iliyojulikana zaidi ni iyomante, yaani kumsindikiza. Mtoto wa dubu alichukuliwa pangoni mwishoni mwa majira ya baridi, akalelewa kijijini mwaka mmoja au miwili; pengine mama mwenye kunyonyesha alimpa titi lake. Kisha aliuawa kwa sala, nyimbo na karamu. Kwao huku kulikuwa kumrudisha mgeni kwake: nyama na ngozi ni zawadi aliyoileta, nao humfungasha zawadi zao ili aone kwamba alipokelewa vizuri, apate kurudi. Serikali ya mkoa iliikataza iyomante mwaka 1955 kwa kuiita ukatili, na katazo hilo likaondolewa mwaka 2007. Hatulazimiki kuikubali ibada hiyo. Lakini anayeiita ukatili mtupu hajawasikiliza wenyewe.

Walivaa nguo za gome la mti. Hawakuliponda kama Waganda wafanyavyo, bali walisokota nyuzi zake wakafuma. Hesabu yao ilikwenda kwa ishirini-ishirini.

Mambo yaligeuka mwaka 1869, serikali ya Meiji ilipokipa kisiwa jina la Hokkaido na kuwaleta walowezi kwa wingi. Wanawake walikatazwa kuchanja chale za midomoni. Uvuvi wa samoni mtoni, uliokuwa ugali wao wa kila siku, ukawa wizi. Sheria ya mwaka 1899, iliyojiita ya ulinzi, iliwapa wawindaji mashamba ya hadi hekta 5, na shamba lisilolimwa ndani ya miaka 15 lilinyang'anywa. Watoto walifundishwa kwa Kijapani. Isitoshe, wasomi walifukua makaburi na kubeba mifupa ili kupima mafuvu. Zaidi ya mabaki ya watu 1,000 yalikaa katika maghala ya vyuo vikuu. Baadhi yalirudishwa mwaka 2016, baada ya wazao wao kwenda mahakamani.

Sheria ya 1899 ilifutwa mwaka 1997 tu. Bunge liliwatambua Waainu kuwa wenyeji mwaka 2008, na sheria ikafuata mwaka 2019. Lakini haki ya kuvua samoni kama baba zao sheria hiyo haikuirudisha. Utafiti wa mwaka 2017 ulihesabu Waainu wapatao 13,000 Hokkaido. Wengine hawajitaji kwa kuogopa kudharauliwa.

Tumkumbuke hapa Chiri Yukie, binti aliyejifunza simulizi za yukar kwa bibi yake. Aliziandika kwa herufi za Kilatini, akazitafsiri kwa Kijapani. Alimaliza kusahihisha kitabu chake mwezi Septemba 1922, akafa kwa ugonjwa wa moyo siku hiyohiyo, akiwa na miaka 19. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, na hadi leo wanaojifunza Kiainu wanakisoma.