SOMO: JE, KITUFE CHEKUNDU KINAZIMA KWELI?

Leo tunaongea juu ya kitu kidogo, kile kitufe chekundu cha kuzimia mashine wakati wa hatari.

Hapa Ngerengere mashine si ngeni. Wazee wetu walizijua kwenye mashamba ya mkonge, ambako korona ilikwangua majani yakabaki singa. Siku hizi umeme umefika vijijini, na mashine nyingi za kusaga zimeacha dizeli. Tangu tarehe 14 Juni 2024 hata treni ya umeme inapita kwetu ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nayo inavutwa na mota. Mota haina macho. Haijui kama kilichoingia ni punje au ni mkono wa mtu.

Taabu ya kitufe hiki ni hii. Taa ikiungua, utajua jioni ile ile. Mkanda ukikatika, mashine haisagi. Lakini kitufe cha hatari kikiharibika, mashine inaendelea kusaga vizuri tu. Nani atajua? Vumbi la unga limekigandisha, au vile vyuma vinavyogusana ndani ya swichi vimeshikana kwa joto la cheche. Kitakaa hivyo miezi, hata mwaka. Siku khanga ya mama inaponaswa na mkanda, watu wanabonyeza, na mota haina habari. (Kama mnazimia kitufe hicho hicho kila jioni, mnakijaribu kila siku bila kujua. Tunasema kile kisichoguswa.)

Viwanda vikubwa vina masanduku ya kuongeza na kupunguza mwendo wa mota. Humo huwekwa njia mbili za kuzima, ili moja ikifa nyingine izime. Ni vizuri, lakini ya kwanza ikifa kimya kimya, mota bado inazima, na watu wanadhani wana mbili kumbe wamebakiwa na moja. Kwa hiyo njia hizo hupimwa moja moja. Pale ambapo hatari ni kubwa kabisa na kitufe hakitumiki mara kwa mara, kanuni za kimataifa zinataka kipimwe angalau mara moja kwa mwezi.

Na sisi kijijini tufanyeje? Chagua asubuhi moja ya kila mwezi, kabla wateja hawajaja. Watoto wakae mbali. Washa mashine tupu, bila mahindi. Bonyeza kitufe chekundu. Mota izime mara moja. Sasa kiachie kitufe, ukiwa umesimama mbali na mkanda: mashine isiwake yenyewe. Iwake tu mtu akibonyeza cha kuwashia.

Kisha washa tena, na wakati inazunguka kata umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani. Ngoja isimame, halafu rudisha umeme. Ikiwaka yenyewe, hapo pana kifo. Umeme ukikatika watu huingiza mkono kutoa unga ulioganda, halafu umeme unarudi bila hodi. Hata mashine ikifaulu jaribio hili, asiingize mtu mkono kabla swichi kubwa haijazimwa. Kitufe chekundu peke yake hakitoshi, kwa sababu kinaweza kuzima mota huku umeme bado umo kwenye waya.

Tena kuzima si kusimama. Nyundo za kinu huendelea kuzunguka baada ya mota kuzima. Hesabu sekunde mpaka zitulie, ili kila mfanyakazi ajue angoje muda gani.

Jaribio likishindwa, mwite fundi wa umeme mwenye leseni. Wapo wanaounga waya ili kukiruka kitufe kibovu, kazi isilale. Hiyo si ufundi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atunze mitambo iwe salama.

Hapa kisomo chetu kina kazi. Weka daftari pale mashineni, uandike hivi:

Tarehe 3. Kitufe: kimezima. Kilipoachiwa: haikuwaka. Umeme uliporudi: haikuwaka. Kusimama: sekunde 40. Aliyejaribu: (jina).

Mwezi ujao andika tena. Kama mota imezima baada ya kubonyeza mara mbili, usiandike "kimezima". Andika "mara mbili", na mashine isisage mpaka fundi afike.