Picha Zinapokwama Kwenye Kishikwambi

Mtaro wa bomba ukishafukiwa haupigwi picha tena. Kwa hiyo tunawaomba msiifute kishikwambini mpaka WhatsApp ionyeshe tiki mbili, nasi tuwajibu kuwa imefunguka. Tiki moja maana yake imetoka kwenu, haijafika.

Maandishi yakienda na picha zikigoma, tazameni bando na nafasi. Mara nyingi tunakuta kumejaa video za kwaya (nzuri, lakini zihamishieni kwenye kadi). Hata maandishi yakigoma, kagueni tarehe: huweza kurudi nyuma chaji ikiisha kabisa, na WhatsApp hukataa kuunganika.

Video ya dakika moja huweza kuzidi megabaiti 100. Punguzeni ubora kabla ya kurekodi. Mlio mabondeni, tumeni mkifika Njombe mjini au Makambako.