SOMO LA MSIMU: Bustani yetu kutoka jua kali hadi mvua za kwanza

Somo letu la mara hii ni la jembe na mbegu. Tunaomba lisomwe katika vikundi, na anayejua kusoma amsomee jirani yake asiyejua.

Vitabu vya shule vinasema kwamba katika nchi za baridi kuna majira ya vuli, wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na kuanguka. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani na Kanada wanayaona kila mwaka: Septemba na Oktoba wanavuna vya mwisho na kufunga bustani kabla baridi haijaua mimea. Lakini kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Hapa Burundi wakati huo ni msimu wa A, ambao Warundi wanauita Agatasi. Basi wakati wenzetu wanafunga bustani, sisi tunafungua. Kosa la Septemba tunalilipa Januari, chakula cha akiba kinapokwisha na bei ya sokoni inapopanda.

1. TUJUE MAHALI TULIPO

Bujumbura iko katika bonde la Imbo, kando ya ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha karibu meta 800 kutoka usawa wa bahari. Joto ni kali kuliko milimani, na mvua ni chache kuliko kule. Juni, Julai na Agosti karibu hakuna mvua. Ukipanda upande wa mashariki unafika Mirwa, ile milima yenye miteremko mikali.

Anayelima Imbo ana adui wawili: jua kabla ya mvua, na maji yanayotuama baada ya mvua. Anayelima Mirwa ana adui mmoja mkubwa: udongo kukimbilia bondeni. Kwa hiyo tusiige tu alichofanya jirani wa mahali pengine.

Tukae pia mbali na kingo za mito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 maji yaliyoshuka kutoka milimani yaliua watu wengi katika mitaa ya kaskazini ya mji. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake, na maelfu ya watu wa Gatumba walipoteza nyumba na mashamba. Udongo wa ukingoni ni mzuri, lakini mwenye kuudai ni mto.

2. KAZI YA AGOSTI NA SEPTEMBA

Usichome majani makavu. Yakusanye uyapange kwa tabaka: majani makavu, majani mabichi, samadi ya mbuzi au kuku, majivu kidogo, kisha udongo. Nyunyizia maji, funika kwa majani ya migomba, na geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi miwili au mitatu mbolea iko tayari. Aliyeanza Julai ataitumia Oktoba. Aliyechelewa atafute samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi inaunguza mizizi, tena inaleta magonjwa kwenye mboga.

Mwanzoni mwa Septemba tayarisha kitalu cha nyanya, intore, vitunguu na kabichi. Weka kivuli cha nyasi juu ya vijiti, mwagilia asubuhi na jioni, na punguza kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Miche ya nyanya huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki nne hivi, na hapo mvua iko karibu.

Tusichote maji ya mfereji wa mtaani kumwagilia lenga-lenga. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika mitaa iliyo karibu na ziwa, na mboga iliyomwagiliwa maji machafu inaweza kukileta mpaka kwenye sahani. Maji tuliyooshea nguo kwa sabuni kidogo tuyamwage kwenye shina la mgomba, si juu ya mboga za majani.

3. MVUA YA KWANZA ISITUDANGANYE

Mara nyingi mvua moja kubwa hushuka Septemba, watu wote wanakimbia na mbegu, kisha jua linarudi wiki mbili. Mbegu imeota, imekauka, na hakuna franga za kununua nyingine.

Pima hivi: siku inayofuata mvua, chimba kwa kina cha kiganja kizima pamoja na vidole. Kama chini bado ni vumbi, subiri. Kama ni unyevu hadi huko, panda, lakini usipande zote. Gawa mbegu mafungu matatu: la kwanza sasa, la pili baada ya wiki mbili, la tatu libaki nyumbani. Fungu la tatu si la kupika, hata siku ngumu zikija. Mama mwenye nyumba na baba mwenye nyumba wapatane juu ya jambo hili mapema, maana njaa ikishaingia ndani hakuna anayesikiliza.

4. TUPANDE KULINGANA NA MUDA TULIO NAO

Hapa ndipo wakimbizi tunapotofautiana na mwenye shamba lake. Wengi wetu tunalima kiwanja cha kukodi au cha kuazimwa. Mwingine anangoja kuhamishwa kambi, mwingine anangoja safari ya ng'ambo, mwingine anataka kurudi Kivu amani ikija. Basi kabla ya kuuliza udongo unafaa nini, tuulize: tuna miezi mingapi?

Mwezi mmoja: lenga-lenga, inayoanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na majani ya maharagwe.
Miezi mitatu: maharagwe makavu na nyanya.
Miezi minne au mitano: viazi vitamu, na matembele yake tunakula mapema zaidi.
Mwaka mmoja: mihogo. Migomba ni zaidi.

Mihogo kwa mtu asiye na uhakika wa mwaka ni kumlimia mwingine. Kabla ya kupanda kitu cha muda mrefu, pataneni na mwenye kiwanja: mkiondoka au mkiondolewa, nani atavuna? Andikeni kwenye karatasi mbele ya mashahidi wawili. Ugomvi mwingi huanza siku ya mavuno, wakati kila mtu ameshakuwa na uchungu.

Asiye na kiwanja atumie gunia: mawe katikati ya kupitishia maji, udongo na samadi pembeni, matundu ubavuni ya kupandia mboga.

5. MVUA ZIKISHASHIKA

Imbo: inua matuta ya upana wa meta moja na uchimbe mifereji kati yake. Mirwa: lima kwa kukata mteremko, si kutoka juu kwenda chini. Pote funika udongo kwa nyasi kavu, lakini zisiguse shina. Nyanya zipewe nafasi na vijiti, kwa sababu ukungu unapenda majani yaliyobanana na kulowa. Mwagia maji chini, si juu ya majani.

Vipandikizi vya mihogo na matembele vichukuliwe kwenye mimea safi tu. Majani ya mihogo yaliyojikunja na kuwa na madoa ya njano ni ugonjwa wa batobato. Ukimpa ndugu kipandikizi hicho umempa ugonjwa.

6. MBEGU YA MWAKANI

Chagua miche mitatu bora ya lenga-lenga na usiichume kabisa. Ikikomaa, kausha vichwa vyake, pukusa, changanya na majivu na uweke kwenye chupa kavu. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Chupa hiyo ni nyepesi, na hata kama tutahamishwa ghafla inaingia mfukoni. Mihogo itabaki kiwanjani, mbegu itasafiri nasi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kila mmoja aseme: kiwanja ninacholima ni cha nani, na nina miezi mingapi?
2. Nani katika kikundi ana mbegu za kutosha kumgawia aliyekuja juzi bila kitu?
3. Nani mgonjwa, mjane au mzee asiyeweza kushika jembe? Tupange siku ya kumlimia kabla ya mvua.