Mume Akitibiwa Saratani ya Tezi Dume: Kijitabu kwa Wake na Familia za Jorodom, Hanang na Mbulu

Mama, ukiwa Jorodom, Katesh, Basotu, Dongobesh au Haydom, na mumeo ameambiwa ana saratani ya tezi dume, kijitabu hiki ni chako. Baba naye akisome, na wana wakubwa pia. Tumeanza na wewe kwa sababu ugonjwa huu hufuatiliwa kwa miaka, na unayelala naye nyumba moja ndiye unayejua ameamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa, ndiye unayemwona akishika kiuno anapoinuka, na ndiye utakayejua kwamba tarehe ya kliniki imepita bila mtu kusema neno.

Kuna jambo moja tunalotaka ulishike kuliko mengine yote. Siku mumeo atakapopata nafuu, akarudi shambani na kuswaga ng'ombe kama zamani, damu yake bado itahitaji kupimwa. Saratani hii inaweza kurudi kimyakimya, bila maumivu, na kipimo cha damu kikaiona mapema sana kabla ya mwili kulalamika. Asiporudi kupimwa kwa kuwa anajisikia mzima, nafasi hiyo inapotea.

Ugonjwa wenyewe

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa wanaume wengi hukua kadiri umri unavyosogea, na kukua huko peke yake si saratani. Ndiyo maana daktari hasemi "saratani" kwa sababu tu mkojo unatoka kwa shida. Anapima damu, kipimo kinachoitwa PSA; anapima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa; kisha anachukua vinyama vidogo kwa sindano na kuvipeleka maabara. Kipimo cha kidole kimewakimbiza wanaume wengi wa rika la mumeo. Ni cha dakika moja, na daktari hukifanya kwa heshima. Mwambie hivyo bila kumcheka.

Majibu ya kinyama huandikwa kwa alama za Gleason, kuanzia 6 hadi 10. Alama 6 ni saratani ya mwendo wa polepole. 8 na kuendelea ni ile yenye haraka. Iulize namba hiyo na uiandike, kwani kila daktari mtakayekutana naye mbele ya safari ataitaka.

Mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi na ugonjwa huu. Nelson Mandela aligunduliwa mwaka 2001, akiwa na miaka 83, akatibiwa kwa mionzi kwa wiki saba, akaishi hadi 2013. Hapa jirani, Profesa Anyang' Nyong'o wa Kenya aliugua akiwa Waziri wa Huduma za Tiba, akautangazia umma ugonjwa wake. Mkewe, Dorothy Nyong'o, hakuishia kumuuguza. Mwaka 2011 wote wawili walianzisha taasisi ya Africa Cancer Foundation, nayo imekuwa ikihimiza watu kupimwa mapema. Tunawataja kwa sababu walizungumza. Katika maboma yetu ugonjwa wa sehemu za siri hufichwa hata kwa ndugu wa tumbo moja, na mgonjwa aliyefichwa hukosa mtu wa kumsindikiza.

Safari ya hospitali

Kwa wengi wenu safari huanzia zahanati, ikapita hospitali ya wilaya au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambayo imehudumia Mbulu na Hanang tangu 1955. Kutoka hapo rufaa inaweza kuwafikisha KCMC, Moshi. Mgonjwa anayehitaji mionzi anaweza kupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Huko si kwenda na kurudi. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki nne mpaka karibu nane, kulingana na mpango wa daktari, kwa hiyo mahali pa kulala na chakula vipangwe kabla ya kupanda basi.

Kabla ya kuondoka, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa matibabu kwa sera ya taifa, ila ni lazima mwombe, na barua ya serikali ya kijiji husaidia. Kama mna bima, ulizeni inaishia hospitali ya ngazi gani. Na mkilazimika kupeleka ng'ombe mnadani, siku hiyohiyo toeni kwenye fedha hizo nauli ya kliniki za mwaka mzima, muiweke kando. Tumeona familia zikimaliza kila shilingi kwenye upasuaji, kisha nauli ya kwenda kuchukua majibu ikakosekana.

Ingia naye ndani kwa daktari. Usibaki kwenye benchi la nje. Mwanamume aliyepewa habari nzito husikia neno la kwanza tu, mengine yakapita. Wewe uwe sikio la pili: saratani imetoka nje ya tezi au bado imo ndani? Imefika kwenye mifupa? Dawa hii ni ya muda gani? Turudi lini, na siku hiyo tuje na nini? Kama Kiswahili cha hospitali kinamtatiza mzee, omba mhudumu anayejua Kiiraqw au Kidatoga, au nenda na kijana wenu. Katika boma lenye wake wawili au watatu, kubalianeni mapema nani ataambatana naye kliniki na nani atabaki na watoto na mifugo, ili asiachwe kwa kudhani mwenzako amekwenda.

Baada ya upasuaji na mionzi

Mgonjwa aliyeondolewa tezi hurudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili. Mfuko wake ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, hata akiwa kitandani. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa, na mpe maji ya kunywa ya kutosha. Mpira ukitolewa, mkojo utavuja kwa wiki au miezi. Vitambaa safi, kaptura za kubadilisha na uvumilivu vinahitajika hapo. Lipo zoezi la kukaza misuli ileile anayoitumia kubana mkojo, ahesabu hadi tano, aachie, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Linasaidia akilifanya kila siku.

Mionzi huleta uchovu, kuharisha na kukojoa mara kwa mara. Mengi hutulia ndani ya wiki chache. Damu kwenye choo ikitokea, hata miezi mingi baadaye, mwambieni daktari.

Matibabu ya homoni, na mambo ya chumbani

Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Charles Huggins alilionyesha hilo mwaka 1941, na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Ugonjwa ukishasambaa, tiba ni kuishusha homoni hiyo: kwa sindano ya kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa kokwa. Upasuaji hufanywa mara moja tu, hauhitaji nauli ya kila mwezi, na kwa mgonjwa wa mbali mara nyingi ndio unaowezekana.

Kwa mfugaji, neno kuhasi ni zito. Mwanamume anaweza kukataa tiba kwa kuogopa atakavyoonekana mbele ya rika lake. Usimsukume siku ileile. Mweleze kwamba upasuaji huo hauhitaji kutangazwa, kwamba sauti yake haibadiliki wala ndevu hazipotei zote, na kwamba unamtaka akiwa hai. Mwombe daktari akae naye faraghani. Ikiwa sindano zinapatikana na mnazimudu, nazo ni njia nzuri, ilimradi tarehe zisirukwe.

Hamu ya tendo la ndoa itapungua au kuisha. Upasuaji wa tezi na mionzi navyo vinaweza kudhoofisha nguvu za kiume. Asifikiri kwamba umemchoka, nawe usidhani amepata mwingine. Lizungumzeni wawili, usiku, watoto wakilala. Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa minadani na stendi msizinunue. Hazijulikani zina nini, na nyingine zinaweza kuua mtu mwenye moyo dhaifu. Hospitali ina dawa zake, uliza.

Utamwona akifukutwa joto ghafla na kutoa jasho, akinenepa kiunoni, matiti yakiuma, pengine akitokwa na machozi bila sababu anayoijua. Matibabu ya homoni ndiyo yanayofanya hivyo. Mifupa nayo hupungua nguvu, kwa hiyo maziwa, ambayo huku hayakosi, yabaki kwenye chakula chake, na atembee kila siku. Apunguze pombe, aache ugoro na sigara, na apimwe shinikizo la damu na sukari.

Kipimo cha PSA cha kurudia

Hapa ndipo kazi yako kubwa ilipo. Nunua daftari. Kila akipimwa andika tarehe, jina la maabara na namba. Namba moja peke yake haisemi mengi. Mfululizo wake ndio unaosema. Aliyetoka 0.4 akaja 0.6 kisha 1.3 ana habari ya kumpa daktari, ingawa namba zote tatu zinaonekana ndogo machoni mwa asiyejua.

Aliyeondolewa tezi hupimwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita hadi nane, na namba inatakiwa iwe chini ya 0.1. Ikifika 0.2 na kurudia hivyo, daktari atashuku kwamba saratani imerudi. Kwa aliyepata mionzi namba hushuka taratibu, hata kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na inaweza kupanda kidogo njiani kisha ikashuka. Msiogope mapema. Daktari huangalia kama imepanda kwa 2 juu ya kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufikia. Kwa aliye kwenye homoni, kupanda kunaonyesha kwamba saratani imeanza kuizoea dawa, na zipo dawa nyingine za kuongeza.

Kwa kawaida hupimwa kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka. Tumieni maabara ileile kila mnapoweza, kwa kuwa mashine hutofautiana. Kwa mwenye tezi bado, siku mbili kabla ya kipimo aepuke tendo la ndoa na baiskeli. Akiwa na maambukizi ya mkojo, atibiwe kwanza. Mara nyingi daktari ataahirisha kipimo kwa wiki sita. Tarehe ikiangukia msimu wa kupanda au kuvuna, pangeni jembe la jirani mapema kuliko kuahirisha kliniki.

Makaratasi yapigeni picha kwa simu, na nakala zihifadhiwe kwa mtoto anayeishi kwingine. Tarehe 3 Desemba 2023, tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang lilisomba nyumba na kila kilichokuwa ndani yake. Vyeti vya hospitali havina sanduku salama kuliko kuwa mahali pawili.

Siku za kungoja majibu mume anaweza kuwa mkali au kunyamaza kabisa. Wewe nawe utakosa usingizi. Mtafute dada, shemeji au mchungaji unayemwamini, umwambie. Huhitaji kubeba siri hii peke yako.

Msisubiri tarehe

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo ukiona miguu inalegea au inakufa ganzi, mgongo unauma kwa namna mpya hasa akilala, mkojo umegoma, au ana homa kali akiwa na mpira. Saratani ikibana uti wa mgongo, saa chache huamua kama atatembea tena. Na maumivu ya mifupa yasivumiliwe kwa ujasiri: morfini ya kunywa hutuliza, nayo hutolewa na wahudumu waliofunzwa.

Wana na kaka zake

Mwanamume ambaye baba au kaka yake ameugua saratani hii ana hatari karibu mara mbili ya mwingine. Kwa hiyo mtoto wenu wa kiume akifikisha miaka 45, au 40 ikiwa walioumwa katika ukoo ni zaidi ya mmoja, aende kituo cha afya, aseme wazi "baba alitibiwa tezi dume," na aulizie kipimo cha PSA. Achukue na daftari lako. Daktari atataka kujua baba aligunduliwa akiwa na umri gani na alama zake za Gleason zilikuwa ngapi.