Peugeot 504 inayogonga nyuma: shokapu usinunue tena

*Fundi, nina Peugeot 504 saluni niliyoachiwa na marehemu baba. Injini yake ilikufa, nikafungiwa ya Toyota pamoja na giaboksi yake, na springi za nyuma zikakatwa kidogo ili gari ikae chini. Sasa kila nikiondoka kwenye taa inagonga "ko!" nyuma. Kwenye matuta ya huku Chamazi inagonga tena, na nikiikimbiza Kilwa Road mkia unayumba. Tairi za nyuma zinalika upande wa ndani. Nimeshabadilisha shokapu mara mbili. Nifanyeje? – Msomaji, Mbagala*

Pole, mwanangu, kwa hela iliyokwenda. Shokapu acha kwanza. Naona matatizo mawili tofauti, na yote mawili yameletwa na mabadiliko yaliyofanywa kwenye gari.

Tuanze na huo mlio wa kuondoka kwenye taa. 504 haikuundwa na propela ya wazi kama Toyota uliyochukulia injini. Propela yake ilizunguka ndani ya bomba refu la chuma, lililofungwa kwa bolti kwenye giaboksi upande mmoja na kwenye difu upande wa pili. Wengi hudhani bomba lile ni la kukinga vumbi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuizuia difu isijipinde. Ukikanyaga mafuta, difu hutaka kuinua pua yake juu, na bomba ndilo lililokuwa likiituliza. Bomba lilipotolewa ikawekwa propela ya kuunga yenye krosi, mzigo wote ukahamia kwenye raba za boriti inayobeba difu. Raba hizo hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Huchoka, huchanika, na chuma kikaanza kupiga chuma.

Hakikisha kabla hujatoa hata mia. Weka gari mahali tambarare, zuia matairi ya mbele kwa mawe, vuta handibreki mpaka mwisho. Mwenzako aingize gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu mpaka injini ianze kuzidiwa, kisha aikanyage tena. Wewe chuchumaa pembeni, uchungulie kwa tochi. Usiingie chini ya gari, wala asikae mtu mbele yake. Ukiona pua ya difu inapanda na kushuka, umeupata mlio wako.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kutafuta injini na giaboksi ya Peugeot pamoja na bomba lake, na kama gari hii unaithamini kwa ajili ya mzee, mimi ningekwenda huko hata kama itachukua muda. Ya pili ni kutengenezewa mkono wa chuma unaotoka kwenye pua ya difu kuelekea mbele, ukashikwe na raba kwenye boriti imara ya bodi. Usikubali uchomelewe kwenye bati la sakafu, litapasuka. Na raba za boriti ya difu zibadilishwe kwa hali yoyote.

Tatizo la pili ni hizo springi. Saluni nyingi za 504 zina miguu ya nyuma inayojitegemea: kila tairi ina mkono wake uliokaa kimshazari. (Chungulia uthibitishe. Ukikuta ekseli moja nzima toka tairi hadi tairi, haya ya springi hayakuhusu sana, niandikie upya.) Mkono wa namna hiyo ukishuka kuliko ulivyokusudiwa, tairi huinamia ndani kwa juu, na ndiyo maana upande wa ndani unalika. Hakuna alaimenti ya mbele itakayoponya hilo. Isitoshe, springi fupi imekula nafasi ya shokapu kucheza, kwa hiyo kila tuta linaifikisha mwisho. Shokapu ulizonunua huenda hazikuwa mbovu, ziliuawa. Na kama springi zilikatwa kwa gesi, moto umeulegeza ugumu wa chuma chake, hazifai tena.

Gari hii ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na kupe yake ya V6. Sifa yake kubwa kwenye barabara mbovu ni miguu inayopanda na kushuka sana bila kugonga. Ukiikata springi, umeikata sifa hiyo hiyo, tena kwa mtu anayekaa Chamazi.

Tafuta springi za urefu wake wa asili, za saluni. Za steshenwagoni hazifai, kwani ile ina mbili kila upande. Pikapu nayo inatumia za majani. Ukienda kuzitafuta Gerezani, nenda na springi yako ya zamani mkononi, upime unene wa waya na kipenyo.

Mkia kuyumba huenda kunatoka kwenye bushi za ile mikono. Zitingishe kwa mtaimbo gari ikiwa juu ya stendi, si jeki tupu. Halafu chokoa kwa bisibisi pale boriti inaposhikana na bodi, maana upepo wa bahari hula chuma kwa ndani huku rangi ikibaki nzima. Bisibisi ikizama, kazi ya kuchomelea bati jipya itangulie zote.

Kisha pima toka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto, uniletee vipimo hivyo pamoja na ulichokiona kwenye pua ya difu.