Iten hadi Kabarnet kwa Baiskeli: Hesabu Milima, Usihesabu Kilomita

Barabara ya lami inayotoka Iten, ikateremka Tambach na Biretwo, ikavuka Mto Kerio pale Cheploch, kisha ikapanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, ina urefu wa kama kilomita 55 tu. Sijui barabara nyingine ya lami katika Kenya inayompa mwendesha baiskeli mambo mengi hivi kwa mwendo mfupi hivi: baridi ya asubuhi ya uwanda wa juu, kona za ukingo wa bonde, joto la bondeni, halafu mlima wa pili. Nafundisha na kuongoza waendeshaji huku, na wengi hunitumia maswali yaleyale kabla ya kufunga safari. Nimeyajibu hapa.

Kocha, kila Jumamosi naendesha kilomita 80 kwenye barabara ya Thika bila shida. Kilomita 55 zitanishinda kweli?

Kilomita hazitakushinda, ndugu yangu. Kitakachokushinda ni kupanda. Iten iko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Daraja la Cheploch liko karibu na mita 1,100. Kabarnet iko kwenye mita 2,000. Kwa hiyo ukienda unateremka mita 1,300 na kupanda 900. Ukirudi unateremka 900 na kupanda 1,300. Kwenda na kurudi umepanda zaidi ya mita 2,200. Wanaofuatilia Tour de France wanaijua Alpe d'Huez, mlima wa kilomita 13.8 unaopandisha waendeshaji mita 1,100 na kidogo. Kutoka darajani hadi Iten unapanda kuliko hapo, ingawa kwa mwendo mrefu zaidi.

Shida ya pekee ya njia hii ni mpangilio wake. Milima mingi huanza na kazi, kisha ikakulipa kwa mteremko. Ukianzia Iten, unalipwa kwanza. Unaondoka miguu ikiwa mipya, unateremka ukifurahi, na hakuna chochote mwilini kinachokukumbusha kwamba kila mita unayoshuka utairudia jua likiwa limechomoza vizuri. Ndiyo maana anayetaka kuja huku simuulizi ameendesha kilomita ngapi. Namuuliza amewahi kupanda mita ngapi kwa siku moja.

Basi mtu anayekuja mara ya kwanza aipange vipi?

Alale Kabarnet. Hilo ndilo jibu langu kwa karibu kila mtu, na wanaolikataa ni wale wenye gari la kurudisha Nairobi Jumapili jioni.

Siku utakayofika Iten, teremka hadi Tambach tu, ugeuze, upande. Ni safari fupi, lakini itakuonyesha breki zako zikoje, gia zako zinatosha au hazitoshi, na mapafu yako yanasemaje. Kama kipande hicho kimekuumiza vibaya, kesho yake usivuke Tambach.

Siku ya safari ondoka Iten saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara kunapopambazuka, ukiwa na koti la upepo. Ukiwa darajani kabla ya saa tatu, mlima wa Kabarnet utaupanda kabla ya jua kali. Kesho yake ondoka Kabarnet alfajiri hiyohiyo. Lengo la siku ya pili ni moja: uwe umeanza kupanda kutoka Biretwo mapema, maana kutoka hapo hadi Tambach vivuli ni vichache na lami hurudisha joto usoni. Kila unaposhuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi sita hivi. Iten unaweza kutetemeka huku bondeni watu wakitafuta kivuli.

Baiskeli yangu ni ya mitumba kutoka Ulaya, ina gia 39 mbele na 25 nyuma. Nibadilishe?

Badilisha. Hapa sibembelezi mtu. Sehemu kubwa ya mlima wa Iten ina mwinuko wa asilimia sita, saba hivi, na mwendeshaji wa kawaida ataupanda kwa kilomita nane kwa saa akichoka. Kwa gia ya 39 kwa 25, mwendo huo unamaanisha pedali zinazunguka mara 41 hivi kwa dakika. Huko si kuendesha. Ni kusukuma uzito kwa magoti, mzunguko baada ya mzunguko, kwa saa mbili na zaidi. Kwa 34 mbele na 32 nyuma, mwendo uleule unakupa mizunguko 60. Bado ni kazi, lakini mtu anaweza kuimaliza na kutembea kesho yake.

Kwa upande wa nyuma, fundi mzuri wa baiskeli atakubadilishia kaseti na cheni bila kugusa kitu kingine, mradi kibadilisha gia cha nyuma kiwe na mkono mrefu wa kutosha. Muulize hilo kabla hujanunua kaseti.

Ninachoogopa mimi ni kuteremka. Nifanyeje?

Una haki ya kuogopa, na ningependa wengi zaidi waogope. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji bora tuliowahi kuwa nao, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa kwenye kasi katika mbio za Vermont, Marekani. Alikuwa na ujuzi ambao mimi na wewe hatuna. Sitaji jina lake ili kukutisha. Nalitaja kwa sababu kijana anayejifunza huku hudhani kuanguka ni kwa wasiojua.

Kosa ninaloliona zaidi ni kushikilia breki kutoka juu hadi chini, kidogokidogo, bila kuachia. Mtu hujiona mwangalifu. Kumbe breki za ringi zinazobanwa bila kupumzika hupasha ringi moto, moto unaingia kwenye tyubu, na tyubu inaweza kupasuka katikati ya kona. Fanya kinyume chake. Kwenye mstari ulionyooka unaouona wote, achia, kaa wima, kifua kikamate upepo. Upepo wenyewe ni breki isiyopata moto. Kabla ya kona, funga breki zote mbili kwa nguvu, punguza mwendo hadi uone unaiweza, kisha achia uingie. Ndani ya kona mguu wa nje uwe chini, umebeba uzito wako. Macho yatazame kona inakotokea. Ukikodolea ukingo, utaenda ukingoni. Tambach, simama dakika kumi. Ringi zipoe, vidole vipumzike. Usiziguse ringi kwa mkono mtupu.

Jifunze pia kuisoma barabara. Ukikuta matawi mabichi yametandazwa kwenye lami, ujue kuna lori limeharibika mbele, pengine nyuma tu ya kona ambayo hujaiona. Ndiyo alama ya hatari ya madereva wa huku, na wanaiheshimu. Lori likishatengenezwa na kuondoka, mara nyingine mawe yaliyozuia magurudumu yake hubaki palepale barabarani: mawe makubwa ya kijivu, rangi ya lami yenyewe. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa utayaona ukiwa umeshachelewa. Na baada ya mvua ya usiku, mchanga husombwa ukalala sehemu ya ndani ya kona, hasa pale kijito kinapovuka. Lami inaonekana kavu, lakini gurudumu la mbele halishiki.

Matatu zitakupita karibu. Usijibanze ukingoni kabisa, kwa sababu dereva akiona nafasi ataitumia hata kama gari linakuja mbele. Kaa hatua moja ndani ya lami, na kwenye kona finyu chukua njia yako.

Natoka Mombasa, sijawahi kuendesha juu ya Voi. Nitapumua?

Utapumua, dada, ila kila pumzi ya Iten ina takriban robo tatu tu ya oksijeni uliyoizoea pwani. Nguvu zako za juu kabisa zitapungua kwa asilimia kumi au zaidi, hata ukiwa na mazoezi mazuri. Fika siku tatu nne mapema, tembea, endesha polepole, kunywa maji mara kwa mara hata kama husikii kiu, maana hewa kavu hukukausha bila kukutoa jasho unaloliona. Kichwa kikiuma usipande baiskeli siku hiyo.

Jambo moja litakupendeza: bondeni utajisikia uko nyumbani. Joto ambalo wenyeji wa Iten hulilalamikia, wewe umekua nalo.

Nile nini njiani?

Kula kabla ya njaa. Kwa uzito wa kilo 80, mtu na baiskeli yake, kuinua mwili mita 1,300 peke yake hula kilokalori zaidi ya 1,000, na hapo sijahesabu upepo wala msuguano. Lenga gramu 60 za wanga kwa saa: ndizi mbili na kipande cha chapati, au soda ya nusu lita na andazi. Chukua chupa mbili za maji, uzijaze tena Biretwo na Cheploch, na chumvi kidogo isikosekane.

Msimu wa maembe ukifika, bonde zima huuza maembe kando ya barabara, na ndicho chakula kizuri kuliko pakiti yoyote ya dukani. Mursik, yale maziwa ya mgando, uiache hadi jioni. Nimeona watu wakiinywa kibandani kwa furaha na kujuta baada ya kona ya tatu.

Pale Cheploch mto umekata mwamba ukawa korongo jembamba, na vijana huruka kutoka juu hadi majini kwa ustadi wa ajabu. Wakikuonyesha, walipe. Ni kazi yao.

Nilitazama mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025. Milima yetu inafanana na ile?

Hapana. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita 267.5 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda, lakini kwa vilima vifupi vilivyorudiwa tena na tena. Baada ya kila kilima kuna mteremko wa kupumzikia. Kerio haina mapumziko hayo. Ukitaka kujiandaa kwa njia kama ya Kigali, zunguka Iten hadi Kapsowar, ambako barabara hupanda na kushuka bila kuisha.

Zipo njia nyingine nzuri za lami?

Msitu wa Kaptagat hadi Nyaru, kwa anayependa ubaridi na miti. Na ukilala Kabarnet usiku wa pili, fuata barabara ya Tenges juu ya mgongo wa milima ya Tugen. Ni ya kupanda na kushuka, magari ni machache.

Njia ya bondeni inayoelekea kaskazini, Arror na Tot, siwapeleki watu. Februari 2023 serikali iliitangaza Elgeyo-Marakwet kuwa miongoni mwa kaunti sita zenye hatari ya wizi wa mifugo na ujambazi, na huko kaskazini ndiko wenyeji walikoumia zaidi. Hata panapotulia, uliza polisi na wenyeji kwanza. Tena ni upande wa maporomoko ya ardhi: Chesegon, Aprili 2020, watu walizikwa usiku na matope. Mvua kubwa za Machi hadi Mei sizipendi kwa njia yoyote ya ukingoni. Desemba hadi Februari ndio wakati wangu.

Mimi nina black mamba tu, ya gia moja. Nisije?

Njoo. Mzee wa Tambach anayepeleka gunia sokoni kwa black mamba anaijua barabara hii kuliko sote, na ukimtazama utaona anavyofanya: anashuka na kusukuma panapopinda, anapanda pakilegea, hana haraka. Cha muhimu ni breki. Zikague zote mbili, ubadilishe raba zilizokwisha, na uteremke kwa awamu, ukipumzisha kila baada ya kilomita mbili tatu.

Na nikiishiwa nguvu katikati ya mlima?

Simama kivulini, kaa, kunywa, kula kitu kitamu, ngoja dakika ishirini. Wengi huinuka na kumaliza. Ukisikia kizunguzungu au baridi juani, hapo hakuna mjadala: inua mkono, panda matatu ya Iten. Kondakta atafunga baiskeli juu ya gari na kukutoza nafasi yake. Patana naye bei kabla baiskeli haijapandishwa, toa gurudumu la mbele ulishike wewe mwenyewe, na umwombe asilaze baiskeli upande wa gia.